Ukiitwa kutoa maoni, utasikizwa ama utahesabiwa tu? Kisa cha elki wa Point Reyes

Tuseme serikali imekualika utoe maoni kuhusu mpango wake wa miaka 20. Umeketi na simu yako, umeandika, umetuma. Wenzako maelfu wamefanya vivyo hivyo, na karibu nyote mmesema kitu kimoja: hapana. Halafu uamuzi unatoka, na kile mlichokikataa ndicho kimepitishwa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika jimbo la California, Marekani, kuhusu mnyama aitwaye elki. Na usikimbilie kusema hayo ni mambo ya Wamarekani na wanyama wao. Kisa hiki kina malisho, ng'ombe wa maziwa, nyumba za vibarua na mahakama. Ukikifuata hadi mwisho utakutana na swali ambalo sisi hapa Kenya tumelizozania tangu Katiba ya 2010: neno la mwananchi lina uzito gani likishafika kwenye meza ya afisa wa serikali?

Tuanze na mnyama mwenyewe. Elki ni wa jamii ya kulungu wakubwa wa nchi za baridi. Dume ana pembe zenye matawi, ambazo hudondoka kila mwaka na kuota upya. Yule wa California anaitwa elki wa tule, jina la matete yanayoota kwenye mabwawa ya huko. Ni mdogo kuliko ndugu zake wa milimani, lakini usidanganywe na neno mdogo: dume anaweza kupita kilo 200. Hapatikani kwingine kokote duniani ila California.

Kabla ya wachimbaji dhahabu kufurika huko mwaka 1849, inakadiriwa kwamba elki hao walikuwa nusu milioni. Miaka 25 hivi baadaye watu waliamini wameisha kabisa, hadi wachache walipoonekana kwenye matete ya shamba la mfugaji mmoja tajiri, Henry Miller, naye akaamuru wasiguswe. Elki wote wa aina hiyo walio hai leo, zaidi ya 5,000, wametokana na hao wachache. Yaani mwenye ng'ombe ndiye aliyewaokoa. Weka hilo akilini, maana huko mbele mwenye ng'ombe na elki watakuwa mahasimu mahakamani.

Point Reyes ni rasi yenye upepo na ukungu, kaskazini mwa San Francisco. Watu wa kwanza kuishi hapo ni Wamiwok wa Pwani. Kuanzia miaka ya 1850 wageni waliingia na ng'ombe wa maziwa, na siagi ya Point Reyes ikawa na jina sokoni San Francisco. Mwaka 1962 Rais John F. Kennedy alitia sahihi sheria ya kuifanya sehemu hiyo kuwa hifadhi ya pwani ya kitaifa. Leo ina takriban ekari 71,000. Serikali iliwanunulia wafugaji ardhi yao kwa mamilioni ya dola, kisha ikawaacha waendelee kufuga humo humo kwa muda waliokubaliana. Muda ulipoisha, wakapewa mikataba ya kukodi. Kwa hivyo familia iliyouza shamba miaka ya 1970 iligeuka mpangaji wa serikali kwenye shamba la babu yao, huku likiwa ndani ya hifadhi ya wanyama.

Ukiona hapo pana mgogoro unaosubiri kulipuka, umeona sawa.

Mwaka 1978 Shirika la Mbuga za Kitaifa, ambalo Wamarekani hulifupisha NPS, lilirudisha elki kumi kwenye ncha ya kaskazini ya rasi hiyo, mahali paitwapo Tomales Point. Likajenga ua mrefu wa waya kuwatenga na ng'ombe. Kumi wakazaana hadi wakapita mia tano. Mwaka 1998 NPS ikatoa mpango wa kusimamia elki, na mwaka uliofuata elki 28 wakahamishiwa sehemu ya nyika isiyo na ua, baada ya kuwekwa karantini na kupimwa magonjwa. Baadhi yao hawakukaa walikowekwa. Walienda wakakuta nyasi nzuri karibu na ufuo wa Drakes, katikati ya ranchi, wakaona hapa ndipo kwetu.

Kuanzia hapo Point Reyes ikawa na elki wa aina mbili: waliofungiwa na walio huru. Waliofungiwa walikufa kwa ukame. Walio huru walishtakiwa kwa kula nyasi za ng'ombe.

Habari ya waliofungiwa inauma. Katika ukame wa kati ya 2012 na 2014, kundi la Tomales Point lilipoteza karibu nusu ya wanyama wake, zaidi ya 250. Ukame ukarudi, na idadi ikaanguka tena kutoka 445 hadi 293. Watu walikuwa wakipiga picha za mizoga ndani ya ua huku ng'ombe upande wa pili wakinyweshwa. Mwishowe, mwaka 2021, NPS ilipeleka matangi ya maji. Wanasheria wa haki za wanyama nao walienda mahakamani.

Sasa msikilize mfugaji pia, kwa sababu malalamishi yake si ya kupuuzwa. Wengi wa wafugaji wa maziwa hapo walikuwa wakiuza maziwa ya kilimo hai, ambayo bei yake ni nzuri. Kanuni za Marekani zinataka ng'ombe wa aina hiyo wale malishoni angalau siku 120 kwa mwaka, na angalau asilimia 30 ya chakula chao katika msimu huo itoke malishoni. Elki mia moja wakiingia kwenye malisho yako na kuyamaliza, hasara haiishii kwenye nyasi. Unaweza kukosa cheti kinachokufanya ulipwe bei hiyo. Ongeza nyaya zinazokatwa na madume yenye pembe, na umempata mtu ambaye hawezi kulala.

Kwa nini basi elki wa ziada wasihamishwe? Swali zuri. Kuna ugonjwa wa utumbo uitwao Johne, ambao umeenea kwenye ng'ombe wa maziwa na unaweza kuambukiza elki. Mamlaka za jimbo hazikutaka elki wa Point Reyes wapelekwe kwingine wakaeneze ugonjwa huo. Uwindaji nao hauruhusiwi ndani ya hifadhi. Dawa ya kuzuia mimba ilijaribiwa kwa elki wa Tomales miaka ya 1990, lakini hebu fikiria kazi ya kumfuata kila jike na sindano, mwaka baada ya mwaka. Ukizifunga njia hizo zote, zinabaki mbili tu: kupunguza elki kwa risasi, ama kupunguza ng'ombe.

Mpango wa miaka 20 ulizaliwa katikati ya mvutano huo. Mwaka 2016 mashirika matatu ya mazingira yaliishtaki NPS yakidai inaendesha ranchi hizo kwa mpango mkuu uliopitwa na wakati, wa mwaka 1980. Mapatano ya 2017 yakailazimisha NPS kuandika marekebisho ya mpango huo pamoja na tathmini ya athari kwa mazingira, na sheria ya Marekani ya sera ya mazingira, iliyotiwa sahihi mwaka 1970, ikataka umma uhusishwe.

Rasimu ilitoka Agosti 2019. Umma ukapewa siku 45. NPS ilikuwa imeweka mezani njia kadhaa, kuanzia ile ya kuacha mambo yalivyo hadi ile ya kuondoa ufugaji wote. Yenyewe ilipendekeza mikataba ya hadi miaka 20 kwa wafugaji, na kikomo cha elki 120 kwa kundi la Drakes. Wakizidi, wanapigwa risasi.

Maoni zaidi ya 7,600 yalitumwa. Wanaharakati waliyapitia moja baada ya jingine na kutangaza kwamba zaidi ya asilimia 90 yalipinga ufugaji kuendelea ama elki kuuawa. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Pwani ya California ikaupitisha mpango kwa masharti, kura tano kwa nne. Septemba mwaka huo huo NPS ikatoa uamuzi wa mwisho. Wafugaji wapewe mikataba ya hadi miaka 20. Kikomo cha kundi la Drakes kiwe elki 140.

Kutoka 120 hadi 140. Ukitaka kuwa mkali, utasema maoni yote hayo yaliambulia elki ishirini.

Lakini ngoja kwanza. Hapa ndipo vijana wengi tunapokosea tunapozungumzia kuhusishwa kwa umma, kule na huku. NPS haikuwahi kusema ni kura. Katika utaratibu wa Marekani, maoni hugawanywa mara mbili: yenye hoja, na yasiyo na hoja. Ukiandika, "Msiwaue elki, nawapenda," hayo yanapokelewa na kuwekwa kwenye faili, basi. Ukiandika, "Hesabu yenu ya nyasi katika ukurasa fulani haijajumlisha miaka ya ukame, na hii hapa takwimu," afisa analazimika kukujibu kwa maandishi kwenye ripoti ya mwisho: anakubali na kurekebisha, ama anakataa na kueleza kwa nini. Barua elfu moja zilizonakiliwa kutoka kiolezo kimoja cha mtandaoni hujibiwa kama hoja moja. Mtu mmoja aliyesoma rasimu usiku kucha anaweza kuwa na nguvu kuliko hao elfu.

Kuna mantiki katika hilo, tukubali. Kama maoni yangekuwa kura, mwenye intaneti ya kasi na muda mwingi ndiye angeamua mambo ya mkulima asiye na vyote viwili. Mtu wa New York ambaye hajawahi kumwona elki angempiku anayeishi naye.

Tatizo ni kwamba mantiki hiyo hiyo humpa afisa mahali pa kujificha. Anaweza kukujibu kila hoja kwa adabu, aya kwa aya, na bado afanye alilokuwa ameliamua kabla hujaandika. Point Reyes ilikuwa na dalili ya hilo: tangu mwishoni mwa 2012, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Ken Salazar, alikuwa ameshaagiza wafugaji waandaliwe mikataba ya miaka 20. Rasimu ilikuja miaka saba baadaye. Sasa wewe niambie, umma uliitwa kuamua kama ranchi ziendelee, ama uliitwa kusema rangi ya lango?

Nirudi nyumbani kidogo, kwa sababu hoja hii hii imepita kwenye mahakama zetu. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ilipofuta Sheria ya Fedha ya 2023, sababu mojawapo ilikuwa kwamba Bunge halikueleza kwa nini lilikubali ama lilikataa mapendekezo ya wananchi. Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ikabatilisha uamuzi huo. Ilisema Bunge halina wajibu uliotajwa wazi wa kutoa sababu kwa maandishi, ingawa kufanya hivyo ni desturi njema. Kwa hivyo ukituma memoranda yako Bungeni leo, unaweza kukaa kimya hadi siku ya mwisho bila kujua kama ilisomwa. Kwa elki wa California, angalau kuna ripoti ya kurasa nyingi inayosema "hoja yako tumeiona, na jibu letu ni hili." Mimi ningechukua hilo, hata kama jibu ni la kuudhi. Jibu la kuudhi unaweza kwenda nalo mahakamani.

Na ndivyo walivyofanya. Januari 2022 mashirika matatu ya mazingira yaliishtaki NPS tena, na mpango wa miaka 20 ukakwama kabla ya kushika kasi. Wafugaji wakaomba kuingia kwenye kesi. Badala ya kupigana hadi hukumu, pande zote zikakubali upatanishi, na shirika kubwa la uhifadhi, The Nature Conservancy, likaingia likiwa na fedha. Mazungumzo yakachukua zaidi ya miaka miwili. Yalikuwa ya siri, na waliokuwa ndani walifungwa na ahadi ya kutotoboa kitu.

Mnamo Januari 8, 2025 mlango ulifunguliwa. Ranchi 12 kati ya 14 ndani ya Point Reyes zilikubali kufunga kazi ndani ya miezi 15, na wenyewe walipwe na The Nature Conservancy. Kiasi hakikutangazwa. Kikomo cha elki kwenye ardhi hiyo kimeondolewa, wazurure watakavyo. Mwezi mmoja kabla ya hapo, baada ya awamu nyingine za maoni ya umma, NPS ilikuwa imeshaamua kuung'oa ule ua wa Tomales Point uliosababisha elki kufa kwa ukame. Uamuzi huo uliungwa mkono na Federated Indians of Graton Rancheria, kabila linalowajumuisha wazao wa Wamiwok wa Pwani, ambalo tangu 2021 lina mkataba wa kushirikiana na NPS katika kuitunza ardhi hiyo.

Kwa hivyo wale maelfu walioandika 2019 walishinda? Ukitazama matokeo, karibu walipata walichoomba. Ukitazama njia, maoni yao hayakuamua kitu. Kilichoamua ni kesi, fedha na chumba kilichofungwa. NPS ilisema hakukuwa na haja ya kuuliza umma upya kwa sababu hatua hiyo ilikuwa ndani ya zile zilizochunguzwa kwenye tathmini ya awali. Kisheria huenda ni sawa. Lakini fikiria wewe ni mkazi wa kijiji cha Point Reyes Station. Uliulizwa kuhusu mpango wa kubakisha ranchi, ukajibu. Kisha unaamka asubuhi na kuambiwa ranchi zinaondoka, na hakuna mahali pa kujibu.

Wapo walioulizwa hata kidogo zaidi. Kwenye ranchi hizo waliishi vibarua na wapangaji, wengi wao wenye asili ya Mexico na nchi jirani, baadhi wakiwa hapo kwa vizazi. Hawakuwa na mikataba na serikali. Nyumba ilikuja na kazi, ama ilikodishwa na mfugaji. Ranchi ikifungwa, kazi imekwenda na nyumba imekwenda siku moja. Na Marin ni mojawapo ya kaunti tajiri zaidi Marekani, mahali ambapo mshahara wa kukamua ng'ombe haukodi hata chumba. Mwanamazingira alikuwa na wakili kwenye upatanishi. Mfugaji alikuwa na wakili. Elki, ukitaka, alikuwa na mashirika matatu. Mkamuaji wa saa tisa usiku hakuwa na kiti.

Baada ya mapatano kutangazwa, fedha zilitengwa kuwasaidia kuhama, kaunti ikatangaza hali ya dharura ya makazi, na baadhi ya wapangaji wakaenda mahakamani kudai kwamba wao ndio wanaobeba gharama ya makubaliano ambayo hawakuhusishwa. Aprili 2025 kamati ya Bunge la Wawakilishi ikaanza kuchunguza jinsi mapatano yalivyofikiwa. Kwa maoni yangu, kosa kubwa zaidi la safari hii yote liko hapa, kuliko ile idadi ya 140 ambayo wengi walipigia kelele. Idadi ya elki unaweza kuirekebisha mwaka ujao. Mtoto aliyehamishwa shule, baba aliyepoteza kazi na kitanda pamoja, hao huwarekebishi kwa kubadilisha takwimu kwenye jedwali.

Utaniuliza, kwani vibarua hawangeandika maoni 2019 kama wengine? Wangeweza, kwenye karatasi. Lakini mtu ambaye nyumba yake ni ya mwajiri huandika nini? Na waliulizwa kuhusu mpango ambao ungewaacha walipo. Hakuna aliyewatumia rasimu yenye maneno "nyumba yako itafungwa."

Kwa wanaofikiri kila mpango wa namna hii huishia hivyo, kuna mfano mwingine Colorado. Hifadhi ya Rocky Mountain ilikuwa na elki wengi hadi wakawa wanamaliza miti michanga ya aspeni na mierebi ya kando ya mito, na kwa kukosa miti hiyo, ndege na biberi nao wakakosa pa kukaa. Baada ya miaka ya utafiti na mikutano na wakazi, mpango wa miaka 20 ulitoka Desemba 2007. Lengo lilikuwa elki kati ya 600 na 800 wakati wa baridi. Miti ikazungushiwa nyua ili ikue tena. Elki wachache wakapunguzwa kwa risasi na maafisa wakisaidiwa na wakazi waliojitolea na kupewa mafunzo. Nyama ilipimwa ugonjwa, kisha iliyokuwa salama ikagawiwa wananchi kwa bahati nasibu. Hilo la nyama nalipenda. Ni wazo rahisi ambalo mtu yeyote aliyekulia kijijini angelitoa dakika ya kwanza.

Hata huko si wote waliofurahi. Wanaharakati walitaka mbwa mwitu warudishwe wawale elki badala ya bunduki. NPS ilikataa, ikashtakiwa, na mwaka 2013 mahakama ya rufaa ya serikali kuu ikaipa ushindi. Lakini mpango ulidumu. Nadhani ni kwa sababu mbili. Kwanza, namba ya 600 hadi 800 ilifungwa na kitu ambacho mkazi anaweza kwenda kukitazama kwa macho yake: je, mierebi inaota ama haioti? Namba ya 140 kule Drakes ilifungwa na nyasi za ng'ombe wa mtu binafsi ndani ya ardhi ya umma, na kila aliyeiona aliiona ya upande mmoja. Pili, na hili ni la bahati, Rocky Mountain hakuna aliyekuwa anaishi juu ya jibu. Hakuna aliyefukuzwa nyumbani ili hesabu ikae sawa. Tena wale waliotaka mbwa mwitu walipata njia nyingine: mwaka 2020 wapiga kura wa Colorado waliamua kwa kura halisi, kwa pengo jembamba, kwamba wanyama hao warudishwe jimboni, na Desemba 2023 kumi wa kwanza wakaachiliwa. Kura ilipotakiwa, watu walipiga kura. Hapo hakuna afisa aliyesema kura yako haina hoja.

Kwetu, sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka mipango ya usimamizi wa hifadhi iandaliwe kwa kuhusisha umma, na haibaki kwenye makabati tu. Januari 2025 mahakama ya mazingira na ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii zilianzishwa kinyume cha sheria, hoja mojawapo ikiwa wakazi hawakuhusishwa ipasavyo. Mfugaji wa Isiolo na mkamuaji wa Point Reyes hawatakutana, ila wangeelewana upesi sana wakizungumza kuhusu mkutano uliofanyika bila wao.

Basi siku kaunti yako itakapotangaza kikao cha maoni kuhusu hifadhi, dampo ama soko, kuna vitu ningetazama kabla ya kuandika neno. Ningetafuta kwanza ni njia ngapi zimewekwa mezani, na kama ile ninayoitaka imo. Kama haimo, hiyo ndiyo hoja yangu ya kwanza, kabla ya nyingine zote. Kisha ningetafuta namba, niulize imetoka wapi. Ningeitaja kwa ukurasa, kwa sababu "napinga" ni rahisi kuruka, lakini "ukurasa wa 43 umekosea" ni vigumu. Na ningeuliza ni nani anaishi, analala ama anafanya kazi mahali hapo bila jina lake kuwa kwenye hati yoyote. Mara nyingi yupo. Ukimpata, mpe nafasi aseme mwenyewe, ama andika naye kwa jina lake.

Huko Marekani kazi imezidi kuwa ngumu. Mei 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya reli huko Utah, iliziambia mahakama za chini ziheshimu zaidi uamuzi wa idara za serikali zinapopima tathmini za mazingira. Hilo ni pigo kwa mtu aliyezoea kutumia mahakama kama mlango wa mwisho maoni yake yakipuuzwa, na kila hifadhi yenye elki na mpango unaoandikwa upya italihisi.

Point Reyes yenyewe bado haijatulia. Ng'ombe wakiondoka, nyasi zitakua ndefu na magugu ya kigeni yataingia, kwa hivyo mapatano yanaruhusu The Nature Conservancy kulisha ng'ombe kwa kiasi kwenye sehemu zilizochaguliwa ili kutunza uwanda. Ndiyo, ng'ombe watarudi, safari hii wakifanya kazi ya uhifadhi. Watakuwa wangapi, wakae wapi, na elki wakiongezeka wasiguswe hadi lini, hayo yatahitaji mpango mwingine.